Mmea usio na lebo: shajara ya kusaka jina lake

Siku ya 1

Shangazi kaniachia kikopo chenye vishina vitatu vya ua fulani, hamna lebo, hamna jina, yeye mwenyewe alipewa na mtu ambaye naye alipewa. Akanambia, "Mwanangu, hiyo ni vayoleti ya Afrika, ile aina ya kuning'inia, we angalia tu usimwagie maji juu ya majani." Mimi nina vayoleti tano dirishani na nimekaa nazo miaka, nikiiangalia hii naona kabisa kuna undugu, vinyweleo ni vile vile, rangi ya ua ni ile ile ya zambarau iliyopauka, lakini kuna kitu hakikai sawa na bado sijajua ni nini. Ndo maana naanza shajara hii leo. Kila nitakachokiona nakiandika mpaka nijue unaitwaje, na jina la kukisia silitaki.

Kwa nini nahangaika na jina? Kwa sababu kwenye familia hii jina ndo linakwambia uutunze vipi. Familia ni Gesneriaceae, jina limetokana na Conrad Gessner, msomi wa Uswisi aliyefariki mwaka 1565, na ina spishi zaidi ya 3,000 zenye tabia za kila namna. Kuna inayolala miezi kadhaa chini ya udongo, ukiimwagilia wakati imelala inaoza. Kuna isiyolala kabisa, ukiinyima maji ukidhani imelala unaipoteza. Kuna zinazoota juu ya miti, kuna zenye jani moja tu maisha yao yote. Na zote hizo watu wanakwambia tu "ni ndugu ya vayoleti".

Alafu hata hilo neno vayoleti lenyewe linapotosha, maana vayoleti za kweli ni jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) inayoitwa Viola na ziko familia nyingine kabisa, hii ya Afrika ilipewa jina hilo kwa sababu ya kufanana maua tu.

Siku ya 2

Nimekaa na rula na kioo cha kukuzia. Naandika kama nilivyoona, bila kutafsiri chochote.

Shina lipo na linaonekana, lina pingili, limesimama kidogo alafu linainama kuelekea nje. Majani yametoka mawili mawili yakitazamana, sehemu chache yametoka matatu kwenye kifundo kimoja. Jani lina urefu wa sentimita 3 hivi, upana kama 2, nene, ukilibonyeza kidogo unahisi kabisa kuna maji ndani, juu kijani kilichokolea na chini kijani kilichofifia. Kingo ni laini, hazina meno ya msumeno. Vinyweleo vifupi pande zote mbili, ukipitisha kidole ni kama kitambaa cha mahameli.

Maua. Kila ua liko kwenye kikonyo chembamba mno, kama uzi, kinatoka kwapani mwa jani na kupanda sentimita 7 juu ya majani, kikonyo kimoja kina ua moja au mawili. Ua lenyewe lina upana wa sentimita 3 na kidogo, petali tano zimeungana, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, rangi zambarau ya kupauka na katikati peupe. Nyuma ya ua kuna mrija mwembamba mweupe.

Huo mrija ndo kitu kilichokuwa hakikai sawa. Sasa nimekijua.

Siku ya 3

Nimepiga picha tano na kuzipitisha kwenye apu mbili za simu za kutambua mimea. Picha ya majani peke yake: peperomia. Picha ya ua kwa mbele: vayoleti ya Afrika. Picha ya mmea mzima: impatiens. Ya nne na ya tano zikarudi kwenye vayoleti. Sizilaumu, zinasoma rangi na umbo la jumla, na kwa mbele kweli ua linafanana na vayoleti, ila kinachotenganisha ndugu wa familia hii kiko ndani ya ua, kwenye tunda na chini ya udongo, na huko kamera haifiki.

Siku ya 6

Nimeanza na wazo la shangazi, kwa sababu yeye ndo aliyeishi nao. Na wazo lake si dogo. Watu wengi wanaijua vayoleti kama duara la majani lililolala juu ya chungu bila shina la kuonekana, lakini zipo zenye mashina marefu ya kutambaa, na mashina hayo yalitokana na spishi za porini zinazotambaa hivyo hivyo kwenye miamba yenye kivuli huko Tanzania, moja ya zinazojulikana sana wakulima walizoea kuiita Saintpaulia grotei. Kwa hiyo kuwa na shina peke yake hakuiondoi kwenye orodha.

Basi nikachuma ua moja la vayoleti yangu nikaliweka kando ya hili nikayaangalia kwa ubavu. La vayoleti ni bapa karibu lote, mrija wake ni mfupi sana hadi unaweza kusema hamna, na katikati kuna vile vichavulio (vifuko vya chavua) viwili vya njano vilivyovimba vinakutazama, huwezi kuvikosa hata ukiwa mbali. La mgeni wangu lina mrija wa zaidi ya sentimita 2, mwembamba, umepinda kidogo, na ukichungulia kwa mbele huoni chavulio lolote, unaona katundu tu keupe.

Vayoleti imetoka. Naandika hivyo kwa huzuni kidogo kwa sababu shangazi ameshaniuliza mara mbili "vayoleti yangu inaendeleaje", na mimi nimemjibu tu inaendelea vizuri shangazi, maana sina cha kumpa badala ya jina lake.

Siku ya 9

Nimemtumia picha rafiki yangu mmoja ambaye amefuga mimea ya familia hii muda mrefu kuliko mimi. Akajibu hapo hapo: Achimenes. Nikaenda kuisoma na kweli nilishtuka, ua la Achimenes longiflora ni zambarau, lina mrija mrefu mwembamba, uso wake ni bapa, majani yametoka mawili mawili au matatu matatu, yana vinyweleo. Ukisoma maelezo hayo bila picha unaweza kuapa ni huu mmea wangu.

Achimenes asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Inaota kutoka kwenye rizomu, yaani mashina ya chini ya udongo, ndogo zenye magamba, kama koni ndogo za msonobari, inachanua msimu mmoja alafu juu pote panakauka na rizomu zinalala kwenye udongo mkavu hadi msimu mwingine. Rafiki akaniongezea, "Ndugu, ukiona majani yanaanza kudondoka usiogope, acha maji kabisa, unaenda kulala."

Nimeandika hilo ila sijaliamini moja kwa moja. Majani yangu ni mazito na hayana meno, ya Achimenes kwenye maelezo yote niliyosoma ni membamba na yana meno pembeni. Alafu maua ya Achimenes yanakaa karibu na shina kwapani mwa majani, haya yangu yanaelea juu kwenye nyuzi.

Siku ya 15

Majani yameanza kudondoka. Sita jana, manne leo, ya chini yale, yanageuka njano alafu yanalegea kwenye kifundo na ukigusa tu yanaanguka. Usiku tatu hizi zimekuwa na baridi na mmea uko karibu sana na kioo cha dirisha.

Hapa ndo umuhimu wa jina umenijia kichwani vizuri. Kama ni Achimenes niache maji leo na nisubiri. Kama siyo, nikiacha maji nitakuwa nautesa mmea ambao tayari una shida ya baridi. Ushauri wa rafiki unafaa kabisa kwa mmea mmoja na unaua mwingine, na mimi nimesimama katikati na chupa ya maji mkononi sijui nimwage au nisimwage.

Nikaamua niusogeze mbali na kioo, nisimwagilie usiku huu, na kesho niutoe kwenye kopo niangalie chini kuna nini.

Siku ya 16

Nimeutoa. Nimetandika gazeti, nikabonyeza kopo pande zote mpaka bonge la udongo likatoka zima, alafu nikautenganisha udongo kwa kijiti polepole na kusuuza mizizi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nilikuwa natafuta rizomu za magamba, au kiazi kama cha Sinningia, ile wanayoiuza kwa jina la gloksinia, ambayo inakaa na kiazi kimoja kikubwa chini ya shina.

Hamna kitu. Mizizi myembamba tupu, myeupe yenye afya pembeni na ya kahawia kidogo upande wa chini kulikotuama maji. Nimechambua hadi kipande cha mwisho, nimepitisha maji ya beseni kwenye kitambaa nione kama kuna kilichodondoka. Hakuna rizomu, hakuna kiazi, hakuna hata sehemu ya shina iliyovimba.

Kwa hiyo huu mmea hauna ghala chini ya udongo. Mmea wenyewe unayahifadhi maji yake ndani ya majani yale manene. Mmea wa namna hiyo hauna pa kwenda kulala, na ushauri wa kuacha maji kabisa ungeumaliza. Nimekata mizizi iliyooza, nimeupanda upya kwenye udongo mwepesi zaidi uliochanganywa na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kupitisha maji, nikauweka ndani mita moja kutoka dirishani, nikamwagilia kidogo. Vishina viwili vilivyokatika njiani nimeviweka kwenye glasi ya maji.

Nimemwandikia rafiki. Akajibu "basi ni kitu kingine, pasua ua." Namshukuru kwa hilo, hakung'ang'ania.

Siku ya 21

Leo nimepasua ua.

Nilichagua lililofunguka jana, nikalilaza chini ya taa, nikapitisha wembe mpya kwenye mrija kuanzia mdomoni hadi kwenye kikonyo, alafu nikaufungua kwa sindano mbili kama mtu anafungua bahasha nyembamba asiyotaka kuichana. Ndani ya mrija ni peupe na panang'aa, kuna vinyweleo vidogo vidogo. Stameni, yaani sehemu za kiume za ua, ziko katikati ya mrija, zimeota kwenye ukuta wenyewe wa mrija, nyuzi zake zimepinda na kukutana juu, na vichavulio vimegandana uso kwa uso kama viganja viwili vimekutana. Rangi ya krimu. Nikahesabu, nikahesabu tena, nikageuza upande wa pili nikahesabu.

Mbili.

Pembeni yake kuna vidoko viwili vidogo visivyo na chavua, ni stameni ambazo hazikukua. Zenye kazi ni mbili tu.

Achimenes ina nne, vichavulio vimeungana pamoja vinatengeneza mraba. Episcia, ile inayotambaa na majani ya rangi ya shaba, nne. Kohleria, nne. Sinningia, nne. Za Amerika karibu zote ni nne. Ukikuta mbili, mara nyingi uko upande mwingine wa familia, upande wa Dunia ya Kale, yaani Afrika, Asia na kidogo Ulaya. Vayoleti nayo ina mbili.

Alafu ovari, ile sehemu ya kike inayokuja kuwa tunda. Kwenye Achimenes nusu ya ovari imezama, imeshikana na kikombe cha sepali, vile vijani vya nje ya ua. Hapa ovari yote iko juu, huru, nyembamba na ndefu kama sindano yenye vinyweleo, inapanda ikiendelea kuwa nyembamba mpaka kwenye stigma, ile ncha inayopokea chavua, bila wewe kujua ovari imeishia wapi. Kwenye vayoleti ovari ni kama yai dogo alafu inatoka fimbo ndefu. Huyu siye huyo, ila naona wametoka nyumba moja.

Nimekaa na ile karatasi muda mrefu. Ua la sentimita tatu, na nusu ya dunia imeondoka kwenye orodha kwa kuhesabu mpaka mbili.

Siku ya 23

Waliobaki. Primulina za China na Vietnam zina stameni mbili, lakini nyingi zinakaa duara kama vayoleti, hazina shina lenye pingili hivi. Aeschynanthus ina mashina ya kuning'inia na majani manene ila stameni nne na maua mekundu au ya machungwa kwa kawaida. Inabaki kundi la Streptocarpus lenye mashina, lile wakulima wanaliita Streptocarpella.

Sasa Streptocarpus ni jina la Kigiriki, streptos ni kilichosokotwa na karpos ni tunda. John Lindley ndiye aliyelitoa mwaka 1828 kwa mmea uliotoka Knysna, Afrika Kusini, Streptocarpus rexii. Alama ya jenasi ni tunda. Mimi sina tunda, na maua yote tangu siku ya kwanza yamedondoka bila kuacha kitu.

Kwa hiyo nitalitengeneza.

Siku ya 24 hadi 40

Muda huu mmea umepona. Majani yameacha kudondoka siku ya 20, vichipukizi vipya vimetoka kwenye vifundo vya chini, vile vishina kwenye glasi vimetoa mizizi ndani ya siku kumi hivi. Nikatumia muda kujifunza kuchavusha.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilichukua chavua kutoka ua moja nikaipaka kwenye stigma ya ua lililofunguka siku hiyo hiyo, maua manne, na yote yakaanguka baada ya wiki. Nikasoma kumbe kwenye Streptocarpus chavua hukomaa kwanza na stigma hukomaa baadaye, ndo njia ya ua kujikinga lisijichavushe. Unatakiwa ua changa liwe baba na ua kuukuu liwe mama.

Kuna jambo zuri nililoligundua hapo. Ua likidondoka lenyewe, petali zote zinatoka kwa pamoja na mrija wake, na stameni zinaenda nazo kwa sababu zimeota humo, alafu kwenye kikonyo inabaki ile ovari ya sindano peke yake, wazi, haina kitu kinachoiziba. Huhitaji kupasua chochote. Unasubiri ua lianguke lenyewe, na hiyo sindano iliyobaki ndo mama aliye tayari.

Siku ya 41

Nimechavusha sindano sita. Chavua nimeitoa kwenye ua lililofunguka juzi, nikaminya vichavulio kwa ncha ya kijiti cha meno mpaka unga mweupe ukatoka, nikaugusisha kwenye ncha ya kila sindano. Chini ya lensi unaona unga umeshika. Kila kikonyo nimekifunga uzi mwekundu.

Siku ya 47

Mbili zimedondoka. Nne zipo, kijani, na nahisi zimerefuka.

Siku ya 57

Nimepima, zimefika sentimita 3 na nusu. Nyembamba kama waya. Asubuhi hii nikiwa namwagilia mwanga ulikuja kutoka ubavuni na nikaona mistari kwenye tunda, mistari miwili ya kijani iliyokolea, haiendi wima. Inazunguka. Nikachukua lensi. Inaanza chini upande wa kushoto, inapita mbele, inapotelea nyuma, inatokea tena juu kidogo, kama kamba iliyosokotwa na mtu mwenye subira sana. Nikaangalia la pili, hivyo hivyo. La tatu na la nne pia.

Limesokotwa.

Nikampigia shangazi hapo hapo, saa moja asubuhi. Nikamwambia shangazi mmea wako nimeupata, nikamweleza tunda, akaniuliza "kwa hiyo siyo vayoleti?" Nikasema nitakupigia tena, ngoja nisome vizuri.

Siku ya 58

Kwanza uangalifu. Tunda la kusokotwa halipo kwa Streptocarpus tu, Boea na Paraboea za Asia nazo zinasokota, lakini Paraboea chini ya jani ina manyoya yaliyofumana kama utando, na mimi jani langu chini ni safi, vinyweleo vimesimama kimoja kimoja. Pia hakuna nilichokiona kwenye mashina, majani na maua yangu kinachotoka nje ya maelezo ya Streptocarpella. Nimeridhika.

Sasa swali la shangazi, na hapa ndo nimekaa usiku mzima.

Vayoleti ya Afrika iliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1893. Mwaka mmoja kabla, baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa koloni la Wajerumani, aliikuta maeneo ya Usambara akaipeleka kwa baba yake Ujerumani, na kutoka huko ikafika kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliyeipa jina Saintpaulia ionantha. Tunda lake ni fupi, limenenepa, halijasokotwa, na stameni zake ziko wazi, kwa hiyo ikawekwa jenasi yake peke yake na ikakaa hivyo zaidi ya miaka mia moja.

Alafu vipimo vya DNA vikaonyesha Saintpaulia haikai pembeni ya Streptocarpus, iko ndani yake. Mwaka 2015 uainishaji mpya ukaiingiza rasmi, na saa hizi vayoleti ya Afrika ni Streptocarpus ionanthus. Na kuna zaidi: imewekwa kwenye nusu ile ile ya jenasi yenye mashina, Streptocarpella, mbali na zile Streptocarpus za majani makubwa yasiyo na shina ambazo watu wanazipanda sana. Hata kromosomu zinakubali. Vayoleti na zenye mashina zina 30, zile za majani makubwa zina 32.

Maana yake nini. Vayoleti iko karibu zaidi na huu mmea wangu wenye tunda la kusokotwa kuliko huu mmea ulivyo karibu na Streptocarpus ya kwanza iliyoipa jenasi jina lake. Mimi siku ya 6 nilimwondoa shangazi kwenye orodha kwa sababu ya mrija, na kwa kiwango cha spishi nilikuwa sahihi, si ile vayoleti ya dirishani kwangu. Lakini yeye aliangalia vinyweleo na rangi na akasema hawa ni wamoja, na ni kweli ni wamoja, jenasi moja, nusu moja ya jenasi.

Nikampigia. Nikamwambia shangazi, ulisema vayoleti, na hao wawili siku hizi wana jina moja la ukoo. Akasema "Mimi nilikwambia."

Siku ya 66

Kutoka jenasi kwenda spishi. Hapa sikuhitaji tena kupasua, nilihitaji kulinganisha.

Streptocarpus kirkii ina maua madogo zaidi na mengi kwenye kikonyo kimoja, yangu ni moja au mawili. Streptocarpus glandulosissimus ua lake ni zambarau iliyokoza karibu na buluu na vinyweleo vyake vinanata, vyangu havinati. Streptocarpus holstii imevimba kwenye vifundo na majani yake ni membamba, yangu ni manene na vifundo ni vya kawaida. Streptocarpus caulescens ina maua madogo na shina limevimba chini.

Streptocarpus saxorum: majani madogo manene yenye vinyweleo, mawili mawili au matatu kwenye kifundo, ua kubwa la zambarau ya kupauka na katikati nyeupe, mrija mwembamba mweupe, kikonyo kirefu chembamba, ua moja au mawili. Kwao ni Kenya na Tanzania. Adolf Engler ndiye aliyeipa jina, na saxorum ni Kilatini, "ya miambani". Mmea wa kukaa kwenye ufa wa mwamba ambako udongo ni kiganja kimoja na maji yakinyesha yanapita moja kwa moja, ndo maana majani yana ghala, ndo maana mizizi ilioza pale kopo lilipotuama maji, ndo maana hauna rizomu. Kila nilichokiandika siku ya 2 na siku ya 16 kimekaa mahali pake.

Nimebadilisha utunzaji kulingana na hilo. Chungu kipana kisicho kirefu chenye matundu mengi, nasubiri udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia, mwanga mwingi ila si jua la moja kwa moja la mchana, na baridi ya kioo usiku hapana.

Siku ya 99

Tunda la kwanza limegeuka kahawia na kukauka. Nililikata jana nikaliweka juu ya karatasi nyeupe chini ya taa, na leo nimelikuta limeanza kujifungua. Linajisokotoa. Ule msokoto uliojifunga wiki nane unajilegeza kinyume, na kila ukilegea unaacha mwanya mwembamba wa kuzunguka, na mwanya huo unatoa mbegu chache tu kwa wakati. Nikapuliza pumzi ndogo sana, zikatoka zaidi. Mbegu ni vumbi la kahawia, moja moja huioni mpaka ushike lensi.

Kuzaa mbegu hivi kumenipa moyo pia kwa jambo lingine. Kwenye biashara kuna machotara ya Streptocarpella na mengine hayazai. Huu umezaa kwa urahisi baada ya mimi kujua saa ya kuchavusha. Kwenye lebo naandika Streptocarpus saxorum.

Nimemwaga mbegu juu ya udongo uliolowa bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga, nimefunika kwa plastiki inayopitisha mwanga.

Siku ya 117

Zimeota. Vitone vya kijani.

Siku ya 131

Kila mche ulianza na majani mawili ya mbegu yaliyolingana, leo chini ya lensi hayalingani tena. Moja limebaki kama nukta, la pili limekua mara tatu yake na linaendelea. Hii ni alama ya upande wa Dunia ya Kale wa familia, za Amerika majani yao ya mbegu yanabaki sawa. Kuna Streptocarpus, kama Streptocarpus wendlandii, ambazo hilo jani la mbegu kubwa ndo linaendelea kukua mpaka linakuwa mmea wote, ndo zile zenye jani moja maisha yao yote nilizozitaja siku ya kwanza. Hizi zangu hazitafanya hivyo, kwenye miwili tayari naona kichipukizi cha shina katikati.

Nimehesabu ishirini na tatu. Vile vishina viwili vya kwenye glasi nimevipanda pamoja kwenye chungu kipana, nimeandika lebo kwa penseli kwa sababu wino unafutika na maji, mstari wa juu Streptocarpus saxorum, mstari wa chini tarehe na "kutoka kwa shangazi". Kesho nampelekea.